Shefu Aliyetugawia Siku

Shefu hakupenda mtu aanze kazi haraka. Ukifika karakanani na kushika msumeno moja kwa moja, alikuita kwa mkono, bila neno, akakuonyesha rundo la mbao, nawe ukaketi. Tulikuwa watatu: yeye, Alimasi aliyekata na kuunga, na mimi niliyepiga msasa na vanishi. Alimasi na mimi tuliketi, bado kuna baridi ya ziwa, na Shefu alibaki amesimama mbele yetu. Kisha aliuliza.

"Leo tunafanya nini?"

Alimasi alitaja: kitanda cha mwalimu, madirisha ya kanisa.

"Na leo hatufanye nini?"

Swali hili la pili ndilo alilolijali. Kila mmoja alipaswa kutaja kazi inayomvuta ambayo leo angeiacha. Alimasi alipenda kurukia kazi mpya kabla ile ya jana haijaisha. Mimi nilipenda kuurudia ubao ambao tayari ulikuwa laini, ili nisianze mwingine. Shefu alitujua, na alingoja tuseme wenyewe.

"Kazi yenye unaacha, uiache na mu kichwa pia," alisema. "Usiibebe wakati unafanya ingine."

Nilifika mji wa Baraka, kando ya ziwa, nikitoka Kilembwe, wakati wa vita ya pili ya nchi yetu, nikiwa nimemwacha mume wangu kwenye udongo wa huko. Alikuwa seremala. Vitanda vyake vyote nilivipiga vanishi mimi, na hiyo ndiyo kazi pekee niliyoijua zaidi ya jembe. Mama mmoja wa parokia alinielekeza kwenye karakana iliyo nyuma ya soko. Nilimkuta mwanamume mfupi, mwenye vumbi la mbao hadi kwenye nyusi, akinusa ubao kama mtu anunuaye samaki. Hakuniuliza ninatoka ukoo gani wala nani ananijua. Aliitazama mikono yangu.

"Ukichoka, unafanyaka nini?"

"Ninaendelea, Shefu," nilijibu, nikidhani ndilo jibu linalotakiwa.

"Basi utajifunza kuacha. Njo kesho."

Wengi walimwona mtu mgumu. Nje ya karakana, chini ya ukingo wa bati, aliweka benchi la wageni, na mgeni hakuvuka hapo asubuhi. Rafiki, shemeji, mchungaji, wote walikaa benchini na kungoja saa ya chakula. Baadhi waliondoka wakinung'unika kwamba anajifanya Mzungu. Aliwasikia na kuendelea kupiga randa.

Ni lazima nieleze siku zilivyokuwa, la sivyo ataonekana mtu wa makuu tu. Vita haikupiganwa Baraka kila siku, lakini kila siku ilikuwa na uvumi wake. Wiki hii mji ulikuwa wa hawa wenye sare, wiki nyingine tulisikia wale wa porini wanateremka kutoka upande wa Lubondja. Watu walisimama barabarani tangu alfajiri wakiulizana. Mmoja alisema boti zinapakia watu, mwingine alisema hakuna kitu. Ulifika mchana hujalima, hujavua, hujashona, na miguu inakuuma kama mtu aliyetembea hadi Fizi na kurudi. Hakuna aliyekupiga siku hiyo, na bado ulilala umechoka. Mimi mwenyewe niliishi hivyo miezi mingi kabla ya kumjua Shefu, na sikumbuki kitu kimoja nilichokifanya katika miezi hiyo.

"Vita inakulaka siku hata kama haiyafika," alituambia. "Mu asubui hii hatuipatie chakula."

Kwa hiyo asubuhi haikuwa na habari za vita. Tulifanya kazi nzito kwanza, ile iliyotaka macho na nguvu, kabla jua halijapasha mabati. Alimasi alipasua mbao, Shefu aliunga viungo, mimi nilipiga msasa. Mtu akikimbia barabarani akipiga kelele, Shefu alitoka mwenyewe, akatazama, akarudi. Akisema "endeleeni," tuliendelea. Akianza kufunika misumeno kwa gunia, tulijua ni kukimbia kweli. Tulikimbia naye mara kadhaa, na tuliporudi tulikuta tulichoacha, au hatukukuta, na kesho yake tuliketi tena juu ya mbao.

Mchana alikuja mke wake, ambaye tulimwita Mama Shefu. Aliuza ndagala, samaki wadogo wa ziwani, sokoni, na soko lilimpa habari zote. Aliweka sufuria ya bugali, akafungua sombe ya majani ya mihogo, na Shefu akanawa mikono na kusema, "Sasa leteni vita yenu." Hapo Mama Shefu alianza. Alijua nani amechukuliwa, kizuizi kimehamia wapi, boti gani imepinduka karibu na Ubwari. Tulikula na kusikiliza na wakati mwingine tulilia. Chakula kikiisha, habari nazo ziliisha. Alasiri ilikuwa ya kazi nyepesi: kunoa patasi, kupanga mbao za kesho, vanishi. Jua likianza kuegemea milima, alitufukuza.

Alimasi hakupenda kufukuzwa. Alikuwa kijana mwenye nguvu na hasira ya kumaliza. Siku moja Shefu alikuwa mazishini, Alimasi akabaki kukata peke yake hadi mwanga ukaisha. Kesho yake tulikuta ubao wa muvula umekatwa upande usio wake. Ubao huo ulikuwa umeteremka kutoka milimani juu ya vichwa vya watu, ukapita vizuizi, na hatukujua mwingine ungetoka wapi. Alimasi alisimama akiwa ameinamisha kichwa. Shefu aliugeuza ubao, akaufuta vumbi.

"Muntu mwenye alichoka anaibaka saa ya kesho," alisema. "Jana uliongeza kazi ya saa mbili. Leo tutaitafuta hiyo mbao siku ngapi?"

Yeye na Alimasi waliitafuta wiki nzima.

Nisimfanye malaika. Mtu huyo aliyetugawia siku kwa mkono mgumu hakujua kabisa kuigawa ya kwake. Kanisani alifika mahubiri yakiisha. Nyumbani chakula cha jioni kilipoa kikimngoja, kwa kuwa alipita kwa kila mtu aliyewahi kununua kitanda kwake, kuangalia kama miguu bado imesimama. Mama Shefu alilalamika mbele yetu wala hakupunguza sauti.

"Bwana yangu anajua saa ya mbao. Saa ya bibi, hapana. Siku moja mi nitajilaza hapa, munipige randa na mie, pengine ataniona."

Shefu alicheka kimya, mabega yakitikisika, na jioni hiyo alichelewa tena.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nimchukie, kisha likanifanya nikae naye miaka yote ile. Ni habari ya majeneza.

Alimasi alinisimulia kwamba katika vita ya kwanza karakana ilikuwa imegeuka ya majeneza peke yake. Watu walikufa kwa risasi, kwa kuhara, kwa njaa ya njiani, na kila asubuhi kulikuwa na mtu mlangoni ameshika kamba yenye urefu wa maiti wake. Kulikuwa na fundi mwingine wakati huo, mzuri kuliko Alimasi. Siku moja aliweka mita chini, akasema hawezi tena kupima, akaenda ziwani kuvua na hakurudi kushika mbao. Baada ya hapo Shefu aliamua: jeneza litatengenezwa mchana. Asubuhi ni vitanda, madawati, milango.

"Asubui ni ya bazima," alisema, yaani ya walio hai.

Mimi sikuwa nimeijua sheria hiyo pale alipokuja mama mmoja kutoka kijiji cha Nundu. Mtoto wake alikuwa amefia kwenye kituo cha afya. Alifika mapema, kanga imefungwa kiunoni, na kusimama mlangoni bila kulia. Shefu alikuwa akiunga dawati.

"Mama, pole," alimwambia. "Tutakutengenezea. Lakini ni mchana."

"Mutoto yangu iko analala pale peke yake, Papa."

"Najua. Ni mchana."

Nilisikia damu ikinipanda. Nilikuwa nimemzika mume wangu ndani ya mkeka kwa kukosa seremala, na hapa seremala alikuwapo, na mbao zilikuwapo, na mtu huyu anatanguliza dawati. Nilitupa msasa chini. Alimasi akanishika mkono na kunionyesha kwa kidevu.

Shefu alikuwa ameweka nyundo chini. Alitoka, akamwongoza yule mama hadi kwenye benchi la wageni, wakakaa. Na hapo alibaki. Hakumhubiria. Mara moja nilimsikia akimuuliza mtoto alipenda kula nini, na mama akajibu kwa maneno mengi, kama mtu aliyekuwa akingoja aulizwe. Jua lilipanda. Sisi ndani tuliendelea na madawati, mimi na Alimasi peke yetu, tukifanya na kazi yake. Mchana ulipofika alisimama, akaingia, akachukua mbao nyeupe nyepesi na kulitengeneza lile jeneza dogo mwenyewe. Hakuna aliyegusa isipokuwa yeye.

"Lakini umepoteza asubuhi nzima," nilimwambia jioni, bado nina hasira. "Ungelitengeneza ile saa angekuwa ameenda zamani."

"Asubui ilikuwa ya atelie hii yetu. Haikupotea, mulifanya madawati." Alikuwa akifagia vumbi, hakunitazama. "Ile yangu nilimupa yeye. Angebeba sanduku na kwenda mbio, ni nani angekaa naye?"

Alifanya hivyo kila mara. Katika miezi ya kipindupindu kulikuwa na wiki ambazo hakupiga randa asubuhi hata moja. Alikaa benchini na huyu, na yule, na sisi ndani tuliwatengenezea wazima vitanda. Alirudi nyumbani amekunjamana. Niliwahi kumuuliza kama hachoki. Akasema anachoka sana, lakini uchovu huo haumwibii mtu saa ya kesho.

Siku moja alikuja kamanda. Wakati huo mji ulikuwa wa kundi lake. Alitaka kabati la nguo, kubwa, lenye kioo, na alilitaka kabla ya Jumapili. Sisi tulikuwa na kazi ya vitanda vya bamama wa maternite, ambao walikuwa wakizaa sakafuni.

"Iko zamu, Kamanda," Shefu alisema kwa heshima. "Mbele yako kuko bamama. Ukikuya juma lingine, tutaanza na yako."

Kamanda hakukasirika. Alikaa kwenye benchi la wageni, akavuta sigara, akamtazama Alimasi akipasua mbao.

"Huyu ana nguvu," alisema. "Na leo naona hana kazi ya haraka. Atatusaidia kubeba masanduku ya risasi mpaka kule milimani."

Askari wake wawili waliingia na kumshika Alimasi mabegani. Waliochukuliwa kubeba masanduku tuliwajua. Wengine walirudi bila meno, wengine hawakurudi. Alimasi hakupigana. Aliangalia tu upande wa Shefu.

Shefu alitazama mguu wa kitanda uliokuwa mkononi mwake. Akauweka ukutani taratibu, pamoja na mingine.

"Muache fundi yangu," alisema. "Tutafanya kabati."

Tulilifanya. Asubuhi zile zote hakutuuliza lile swali la pili. Tuliketi, akataja kabati, tukainuka. Na alilifanya vizuri, milango ikifunga bila sauti, hata nikakasirika.

"Shefu, kwa nini unamfanyia vizuri hivi?"

"Nikifanya mubaya, mikono itajifunza mubaya. Kamanda ataenda. Mikono itabakia kwangu."

Kabati likaondoka juu ya vichwa vya askari. Mchana huo Shefu alikwenda mwenyewe kwenye maternite kuwaeleza wamama kwa nini vitanda vimechelewa. Mmoja wao alimtukana vibaya, akiwa na mtoto wa siku chache kifuani, na yeye alisimama pale hadi akamaliza. Juma lililofuata tulipeleka vitanda. Kamanda naye alihamishwa, mji ukashikwa na wengine, na kabati sijui lilikwenda wapi.

Mama Shefu alikufa msimu wa mvua, kwa kipindupindu, wakati watu wa vijiji vya juu walipoteremka na kujazana kando ya ziwa. Jana yake alituletea chakula na habari kama kawaida, akilalamika kidogo kuhusu tumbo. Alfajiri alikuwa ameisha.

Tulisikia tukiwa njiani kwenda kazini, na tulidhani tutakuta karakana imefungwa. Ilikuwa wazi. Shefu alikuwa amesimama mahali pake.

"Leo tunafanya nini?" aliuliza.

Nilijibu mimi, nikataja milango miwili ya shule.

"Fanyeni milango."

"Na Mama, Shefu?"

"Mama ni mchana."

Kisha akatoka, akaenda kukaa kwenye benchi la wageni, peke yake, mikono juu ya magoti. Tulianza milango. Alimasi alikata, nikapiga msasa. Kwa miaka yote tulimwona akikaa na watu pale nje, na hatukuwa tumewahi kufikiri ni nani atakaa naye. Nikaweka msasa chini na kwenda. Nilikaa kando yake. Baada ya muda mrefu alianza mwenyewe.

"Jana alileta sombe yenye chumvi mingi. Nilimwambia. Kumbe nisingemwambia."

"Alikuwa anajua unapendaka chakula yake, Shefu."

"Pengine," alisema. "Nilikuwa nachelewa kuikula."

Mchana Alimasi alitengeneza jeneza kwa ule muvula mzuri uliobaki. Shefu alitaka kufanya kifuniko. Alishika randa, akaisukuma mara moja, mara ya pili ikakwama, na Alimasi akaichukua pole pole. Hapo akanigeukia.

"Mama, weka vanishi."

"Shefu, haitakauka. Mvua hii, na wanazika leo."

"Weka tu."

Majeneza hatukuyapaka vanishi kamwe, yote yalikwenda makavu. Hili nililipaka mara ya kwanza, nikangoja, nikapaka mara ya pili, na hakuna aliyeniharakisha. Ndugu walikuja kusema kaburi liko tayari. Shefu aliwaambia wangoje. Walipokuja tena, aliwaambia tutazika kesho. Kesho yake karakana haikufunguliwa. Asubuhi yote tulisimama uani kwake, na yeye alipita kila mara kugusa kifuniko kwa ncha ya kidole, kuona kama kimekauka. Hakikukauka kabisa. Tulimzika hivyo hivyo, na waliobeba walibaki na alama za vanishi mabegani.

Muda mfupi baadaye mji ulimwagika. Safari hiyo risasi ziliingia hadi sokoni. Nilivuka ziwa na Alimasi na watu wengine wengi, tukafika ng'ambo, tukapelekwa kambini Tanzania. Shefu hakupanda boti. Alisema ziwa si barabara, akaenda kwa miguu kuelekea Nundu, kwa binti yake. Kambini Alimasi alitengeneza vitanda vya miti, mimi nililima kidogo na kungoja sana. Miaka ya kambini ni mirefu kwa sababu hakuna anayekuuliza leo unafanya nini.

Niliporudi, vita ilikuwa imepungua, ingawa milimani bado ilisikika. Karakana ilikuwa imeshikwa na vijana wenye mashine inayotumia mafuta, na hawakunijua. Nilikwenda Nundu siku moja nikiwa nimepanda lori la mihogo, na dereva aliniambia atapita kunichukua akirudi.

Shefu alikuwa amekaa kando ya ukuta wa nyumba ya binti yake, juani, amejifunika koti. Alinitambua kwa sauti. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Tuliongea juu ya waliokufa, kisha juu ya waliozaa, kisha juu ya bei ya mbao. Nilimwambia Alimasi ameoa kule kambini na hataki kurudi, akatikisa kichwa kwa furaha. Aliongea polepole na kupumzika katikati.

Nilitazama mikono yake. Nilikuwa nimeizoea ikiwa na kucha fupi zilizoliwa na kazi, nyeusi kwa gundi. Sasa kucha zilikuwa ndefu, safi, zimeanza kujikunja. Aliona, au alihisi, kwamba ninaitazama.

"Binti yangu anaendaka shamba tangu asubui," alisema. "Na mie sioni tena vidole. Uko na wembe?"

Nilikuwa na wembe kwenye kitambaa changu. Nilikaa chini kando yake, nikauweka mkono wake juu ya goti langu. Ngozi ilikuwa imekuwa laini kama ya mtu ambaye hajawahi kufanya kazi. Nilikata kidole kimoja baada ya kingine, nikipuliza vipande vianguke chini. Mwanzoni aliniambia nipunguze huku, niache pale. Kisha akaacha kusema.

Lori la mihogo likasimama barabarani, likapiga honi. Shefu alikuwa amelala, kichwa kimeegemea ukuta, mdomo wazi kidogo, na mkono wake mzito kwenye goti langu. Ulikuwa umebaki mkono wa kushoto mzima. Dereva akapiga honi tena, akangoja, kisha nikasikia akitia gia na kuondoka.

Nikauzungukia ule mkono mwingine, nikaanza na kidole gumba.